Nishati "imepotea" au eksaji "imeteketea"?

Kuna dada anasomea uhandisi wa kemikali kaniuliza hivi: kwenye ripoti yake ya mtambo wa kukeneka ethanoli aliandika "nishati nyingi imepotea kwenye boila", msimamizi akakata kwa wino mwekundu, pembeni akaandika "nishati haipotei". Sasa anataka kujua kibovu ni Kiswahili chake au fizikia.

Fizikia, mdogo wangu, ila Kiswahili nacho kimekuponza. Mtaani tukisema nishati (Wakenya kawi) tunamaanisha ile ya kutufaa, umeme, gesi, mkaa, ndo maana "imepotea" inatoka yenyewe mdomoni. Kwenye hesabu za mtambo nishati haipungui hata chembe, kinachopungua ni uwezo wake wa kufanya kazi, na huo uwezo mhandisi Mslovenia Zoran Rant aliupa jina mwaka 1956 kutoka Kigiriki, ex ni "nje" na ergon ni "kazi". Kwa Kiingereza ni exergy, mi naandika eksaji, ngeli ileile ya nishati: eksaji inapungua, eksaji ya mvuke.

Chukulia gongo. Pipa linachemka, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa majini, matone yanadondoka. Joto uliloingiza pipani sehemu kubwa imehamia kwenye yale maji ya kupoozea, yatie kidole uone, lakini zaidi ya kuogea utayafanyia nini? Mazingira yakiwa nyuzi 25, kilojuli 100 za joto la nyuzi 200 zinaweza kukupa kazi ya kilojuli kama 37 hivi, zilezile zikishuka nyuzi 60 unabaki na kama 10.

Sasa hapa Kiswahili kinatubeba kweli. Mbuzi aliyepotea unamtafuta, nyumba iliyoteketea unatafuta nini? Moshi wa boila ukitoka bado wa moto unaondoka na eksaji yake, hiyo imepotea, pitisha bomba la maji yanayoingia boila kwenye huo moshi uirudishe. Lakini moto wa zaidi ya nyuzi 1,000 kuchemsha maji upate mvuke wa nyuzi 200, eksaji ya hapo katikati imeteketea, huikuti kwenye bomba lolote. Na valvu ya kushusha presha ndo mwizi mpole kabisa, ukipiga hesabu ya nishati kilichoingia ndo kilichotoka, husikii kitu, kumbe eksaji imeliwa na ungeweka tabaini (mashine inayozungushwa na mvuke) pale ungepata umeme. Mambo haya yanatibiwa mtambo ukiwa bado mchoro, kwa kupunguza pengo la jotoridi kati ya kinachotoa joto na kinachopokea.

Kwa hiyo ripoti yako andika "eksaji imeteketea ndani ya boila, nyingine imepotea na moshi". Na ukitaja ufanisi sema wa nini, maana boila hiyohiyo inaweza kuwa asilimia 85 kwa nishati na kwa eksaji hata 35 isifike.