Skini ya bunduki inatokea zambarau!

SWALI: Mambo, nimedaunlodi skini (mwonekano mpya) ya bunduki ya AK-47 ya gemu ya Counter-Strike: Source nikaiweka lakini bunduki inatokea zambarau na nyeusi kama ubao wa drafti, shida nini? Halafu nataka kubadili rangi mwenyewe, inawezekana?

JIBU: Poa sana. Hizo rangi maana yake gemu haijaona picha, yaani faili la .vtf, mara nyingi .vmt (faili la maandishi linaloiambia gemu itumie picha ipi) lipo ila njia iliyoandikwa ndani inaelekeza folda ambayo haipo, lifungue tu kwa Notepad uangalie mstari wa $basetexture, ndo wenye njia ya picha, ulinganishe na picha ilipo kweli. Na mafaili ya asili usiyaguse bwana, tengeneza folda yako ndani ya cstrike/custom kwenye folda la gemu, humo ndo uweke folda za materials (picha) na models (maumbo), ukiichoka unafuta.

Rangi inawezekana, fungua .vtf kwa VTFEdit (programu ya mafaili hayo), itoe kama TGA (aina ya faili la picha), ipake kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha (vipimo 512, 1024 au 2048, sio 700 za kubuni) kisha irudishe kuwa .vtf kwa jina lilelile. Wenzako hawataiona lakini, iko kwenye mashine yako tu, na seva iliyowasha sv_pure (mpangilio wa kuzuia mafaili yaliyobadilishwa) inaweza kuikataa.