Jibu: Pamba iliyotiwa manjano imepauka

Dada, umeuliza mbona kanga zako ulizotia rangi kwa manjano ya kupikia zimepauka upesi. Manjano hayastahimili jua, na shabu (chumvi ya jiwe inayosaidia rangi kushika kitambaani) haiyasaidii. Sabuni kali nayo huyageuza mekundu.

Badala yake tumia maganda makavu ya vitunguu maji, omba kwa wauza mboga wa soko la Darajani, Unguja. Kwa gramu 100 za kitambaa, kwanza chemsha saa nzima kwa sabuni na kijiko cha magadi. Maji yakitoka ya kahawia, hiyo ndiyo nta na uchafu mwingine wa pamba unaokataa rangi. Suuza, loweka usiku kucha katika maji ya maganda ya komamanga (ukiruka hapa shabu haishiki vizuri), kisha saa moja katika shabu gramu 15 iliyoyeyushwa. Ndipo kipike kitambaa kwa moto mdogo katika maji ya maganda ya vitunguu gramu 100, yaliyochemshwa na kuchujwa. Sufuria ya chuma husawijisha rangi. Anika kivulini.