Baiskeli ya milimani: kutoka kilo 14.8 hadi 12, nianzie wapi?

Swali: Fundi, shikamoo. Nina baiskeli ya milimani ya alumini, magurudumu ya inchi 29, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya springi, gia tatu mbele na nane nyuma. Nimeitundika kwenye mizani ikasoma kilo 14.8. Huwa napanda nayo kutoka Mombo hadi Lushoto, na nikifika Soni miguu imekwisha. Nina akiba ya laki sita, nataka ishuke hadi kilo 12. Jamaa yangu ananishauri ninunue usukani wa kaboni na boliti za titani. Unasemaje?

Jibu: Marahaba. Jamaa yako anakutakia mema, ila mfuko wako atautoboa. Usukani wa kaboni utakupunguzia kama gramu 100, boliti za titani makumi machache tu. Kabla hujafungua pochi, pima na begi lako la mgongoni: ukibeba lita mbili za maji umebeba kilo mbili, na maji unaweza kujaza njiani.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme una kilo 70, na baiskeli inafanya jumla ya 85. Kutoka Mombo hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000. Ukikanyaga kwa wati 200 bila kulegeza, kuinua huo uzito peke yake ni kama saa moja na dakika kumi, ukiacha msuguano wa tairi na upepo. Toa kilo moja, unaokoa sekunde 50 hivi. Kwa hiyo kilo 12 hazitayaokoa magoti yako Soni. Kinachoyaokoa zaidi ni gia laini, na hapo nitarudi.

Pesa ya kwanza iende kwenye tairi. Baiskeli za bei yako huja na tairi zenye waya pembeni, na moja ya 29 kwa 2.2 huwa na gramu 850 hadi 900. Ya aina inayokunjika, ya upana uleule, utaipata kwa gramu 650 hadi 700. Jozi nzima inakupunguzia karibu gramu 400, na mara nyingi mpira wake ni bora, unabingirika kirahisi barabarani na kushika vizuri kwenye udongo. Utasikia watu wakisema gramu ya kwenye gurudumu ni sawa na mbili za kwenye fremu. Ni kweli unapoongeza mwendo, kwa mfano unapotoka kwenye kona. Kwenye mlima wa mwendo mmoja, gramu ni gramu.

Kutoa tyubu kabisa na kutia maji ya kuziba pancha? Mimi ningefanya hivyo kwa ajili ya miiba ya migunga, si kwa ajili ya mizani. Tyubu ya 29 ina gramu 200 hivi, lakini maji yenyewe yatakula 80 hadi 100 kila gurudumu, na kwa joto la kule chini Mombo utalazimika kuyaongeza kila baada ya miezi michache. Hakikisha kwanza rimu zako zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Nimeshaokota mtu aliyefunga rimu ya kawaida kwa utepe wa umeme, tairi likachomoka kwenye kona.

Sasa gia. Kubaki na sproketi moja mbele kunaondoa sproketi mbili, kibadilisha gia cha mbele, waya na swichi yake. Hata hivyo kaseti kubwa, yaani fungu la sproketi za nyuma, inarudisha sehemu ya uzito huo, kwa hiyo usitarajie zaidi ya gramu 300. Na angalia meno! Kama sasa unapanda kwa 22 mbele na 32 nyuma, kila mzunguko wa pedali unazungusha gurudumu mara 0.69. Ukiweka 30 na kaseti inayoishia 42 unapata 0.71, yaani umetumia pesa ili mlima uwe mgumu zaidi. Chukua 30 na 46, utapata 0.65. Muulize fundi wako kama habu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) ni ya kaseti au ya friwili, ile inayokazwa kwa kuzungushwa kama parafujo, kwa sababu habu ya friwili itakulazimisha uibadilishe.

Uzito mkubwa umejificha kwenye foku. Ya springi ya bei nafuu hufika kilo 2.7, ya hewa ya daraja la kati ina kama 2.1, na unaijaza kulingana na uzito wako. Lakini kwa laki sita, tairi na gia zikishatoka, haitabaki ya foku. Weka akiba upya. Kilo 12 hutazifikia mwaka huu, 14 unazifikia.

Siku ukinunua hiyo foku, nenda dukani na foku yako ya zamani mkononi. Ulinganishe shingo, lile bomba linaloingia kwenye fremu, kama ni ya unene mmoja juu hadi chini au imetanuka chini. Ekseli, kama ni ya milimita 9 au 15. Na mchezo wake, yaani urefu inaobonyea, kwa sababu ukitoka milimita 100 ukaenda 130, usukani utapanda juu na gurudumu la mbele litaanza kunyanyuka kila unapopanda.