Kabla hujaandika "kansa" kwenye ripoti ya pafu

Wadogo zangu mnaoanza patholojia hapa Dar, slaidi msiikimbilie. Someni fomu kwanza. Najua nusu ya fomu hizo zimeandikwa "uvimbe kwenye pafu" basi, lakini namba ya simu ya daktari ipo. Mpigieni.

Nilipokuwa mwanafunzi nililetewa nyama ya sindano, yaani kipande cha uvimbe kilichochomolewa kwa sindano, ya mama mmoja wa Mbagala, mwenye miaka 40 na ushee. Sigara hajawahi kuvuta na hakohoi. Uvimbe ulionekana kwenye eksirei ya kupima afya ya kazi. Hayo yote niliyajua baadaye, kwa sababu sikuuliza. Kwenye hadubini niliona seli zimejipanga kama vidole, nikapaka TTF-1, rangi inayoonyesha seli za asili ya pafu, zikashika vizuri kabisa. Nikaandika adenokarsinoma, yaani kansa ya seli za tezi, mkubwa wangu akasaini, nami nikaenda kunywa chai.

Pafu lilipokatwa, ukaja uvimbe wa mviringo, saizi ya ndimu, umejitenga na nyama inayouzunguka. Ilikuwa pneumositoma yenye makovu, uvimbe wa pafu usio kansa. Uvimbe huu ulielezwa mwaka 1956 ukidhaniwa ni wa mishipa ya damu, na ukaitwa hivyo kwa miaka mingi. Leo tunajua unatokana na seli za pafu lenyewe. Wengi wanaoupata ni wanawake wa makamo, na ukishatolewa kwa kawaida mambo yameisha. Mara chache sana hufika kwenye tezi za limfu, na hata hapo wagonjwa huendelea vizuri.

Mtego uko kwenye TTF-1, maana adenokarsinoma ya pafu nayo kwa kawaida huishika. Pneumositoma ina koo mbili, yaani aina mbili, za seli: zile zinazofunika vidole kwa juu, na zile za duara zilizo ndani yake. Zote mbili hushika TTF-1. Ombeni na rangi ya keratini: za juu zitashika sana, za duara kwa kawaida hazishiki au hushika kidogo. Mimi sikuomba. Hata zile za duara sikuziangalia, macho yalishakimbilia vidole. Na kipande cha sindano ni kidogo, kinaweza kukupa ukoo mmoja tu ukadhani ndio familia nzima. Kinyama cha kugandisha, kile kinachosomwa harakaharaka mgonjwa akiwa bado mezani na daktari wa upasuaji amesimama anasubiri, ni kibaya zaidi.

Hamatoma, uvimbe mwingine wa pafu usio kansa, haisumbui hivyo. Kwenye CT skan mafuta yakionekana ndani ya uvimbe, au chokaa iliyopasuka kama bisi, mmeshapata jibu nusu. Kisu nacho kitawaambia: ni kama kukata gegedu la kuku.

Ulizeni pia picha za zamani. Watu wetu hawatupi filamu, iko juu ya kabati au chini ya godoro. Kivimbe kigumu ambacho hakijakua kwa miaka 2 kinakupa nafasi ya kupumua. Tena msishangae kukuta mgonjwa alishamaliza miezi 6 ya dawa za kifua kikuu bila mdudu kuonekana kwenye makohozi. Hapa kwetu kivuli chochote kifuani huanza kwa kuitwa TB.

Chupa nayo. Nyama ikija kwenye maji ya chumvi, imezunguka mjini juu ya bodaboda na jua la saa 7 mchana, hakuna rangi itakayokuokoa. Tumieni formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ya asilimia 10, mara 10 ya ukubwa wa nyama. Wafundisheni manesi wa wodini kwa upole, wao ndio wanaoifunga.

Na kama kipande hakitoshi, andikeni hakitoshi. Daktari wa upasuaji atalalamika, atauliza sasa amwambie nini mgonjwa. Mwambieni alete kingine. Yule mama wa Mbagala alikaa wiki 5 akijua ana kansa, na alishauza cherehani yake.