Dakika arobaini chooni

*Shangazi shikamoo. Naishi Tabata, nina mke na watoto wawili, ndoa ina miaka sita. Mke wangu amebadilika, usiku ananipa mgongo. Mimi naangalia pilau, yaani video za ngono, mara moja moja tu, kama wanaume wote. Nilimwomba tuangalie pamoja ajifunze, akalia, akaenda kwao Tanga wiki nzima. Nikamwambia mficha uchi hazai. Mpigie umwambie aende na wakati, la sivyo natafuta mwingine. – Baba Wawili*

Marahaba, mwanangu. Pole, kulala na mgongo wa mtu kunauma. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ni ndefu kuliko kipande nilichoweka hapo juu, na huko chini umejisahau. "Mara moja moja," unasema, kisha unalalamika kwamba anakununia kwa sababu ya bando na anakugongea mlango wa choo "hata dakika arobaini hazijafika". Mwanangu, hata mwenye kuhara hakai dakika arobaini. Na methali umeishika kichwa chini: mkeo kasema linalomuuma, kalia mbele yako. Anayeficha ni huyo aliyejifungia na simu.

Halafu ajifunze nini? Mtoto wa Tanga! Hiyo pilau ni ya kupikwa kweli. Watu wanalipwa, wanasimamishwa, wanafutwa jasho, wanaanza upya, kisha fundi anakatakata kazi ya saa nyingi inabaki dakika kumi. Humo hakuna mtoto anayekohoa chumba cha pili, wala mwanamke aliyeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala ya Kariakoo.

Kuna sentensi umeipitisha haraka: "na mimi nguvu si kama zamani, labda ni kazi." Barua yote iko hapo. Mwili uliozoea kubadilishiwa picha kwa kidole, ukichoka hii inakuja ile, unaweza kupata tabu kwa mke mmoja, gizani, asiye na kelele. Kisukari na presha nazo huleta hali hiyo hiyo, kwa hiyo kapime, na uachane na dawa za nguvu za kiume za barabarani. Wakati wewe unasingizia kazi, mkeo anajitazama kwenye kioo akidhani kosa ni tumbo la uzazi wa pili. Ungekuwa yeye, usingegeuka ukutani?

Ngoja nitoke nje kidogo. Jiji hili kila wikiendi kuna kicheni pati. Binti anakalishwa, anafundwa kukanda, kunyamaza, kupika, kunukia. Bwana harusi yuko wapi? Yuko kwenye kikao cha michango anakumbushia ahadi. Wajomba wanaulizia bia, babu hana la kusema, na kijana anaingia chumbani na somo mmoja tu, simu yake. Ndoa ikiyumba tunaambiwa mke hakufundwa! Nimekaa kwenye mikeka hiyo miaka mingi, na sijaona hata mmoja uliotandikwa kwa ajili ya mwanaume.

Simu ilale sebuleni kuanzia leo. Muombe mkeo radhi bila neno "lakini", kisha usimdai kitu. Zungumzeni, cheka naye, muoshee vyombo. Ukijaribu kuacha ukashindwa, nenda kliniki ya afya ya akili, hata pale Muhimbili. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeingiza mwenendo wa ngono usiozuilika, kwa hiyo daktari hatakucheka. Na lile kundi la washikaji unalowarushia video, toka: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkamata msambazaji.

Unatishia kutafuta mwingine. Huyo mwingine naye atakuwa na mwili mmoja tu.

Kumpigia mkeo, sipigi. Akitaka kuniandikia yeye, nafasi yake ipo, na itakuwa ndefu kuliko yako.