Kuongoza wahandisi wa metali bila posho: niliyojifunza Dodoma

Habari zenu wadau. Wiki iliyopita kuna dada mmoja injinia kijana alinipigia, kachaguliwa katibu wa tawi la chama chao cha wahandisi wa metali na matirio huko mkoani kwao, akaniuliza swali moja tu: kaka, nianzie wapi maana watu hawaji. Nikamwambia nitakuandikia, sasa nilivyoanza kuandika ikawa ndefu nikaona bora niiweke hapa na wengine mnaoongoza vyama vya taaluma kwa kujitolea mpate kitu. Mimi nimekaa kwenye uongozi wa tawi letu hapa Dodoma miaka sita, miwili nikiwa katibu na minne mwenyekiti, na yote haya yamenipitia mwenyewe.

Mdogo wangu, kwanza ujue unaongoza watu gani. Hapa kwetu Dodoma ni mji wa vikao, tangu serikali ihamie kila wiki kuna semina, kuna warsha, kuna mafunzo, na mtu akisikia neno kikao anajua kuna kusaini, kuna nauli, kuna posho. Simlaumu mtu, ndo mazoea yaliyopo, na kwa injinia kijana anayelipa kodi ya chumba kule Makulu, posho ya elfu ishirini ni hela kwake. Sisi mwaka wa kwanza tukaingia kwenye mkondo huo huo, tukakodi ukumbi, tukachapisha bango kubwa, chakula cha mchana, posho, watu wakaja karibu arobaini na picha zikapendeza sana. Kuna kampuni moja ilikuwa imeahidi kutudhamini vikao vitatu, ikalipa kimoja, kwa viwili vilivyobaki tukaambiwa subirini, subirini, mpaka simu zikaacha kupokelewa, na mama wa chakula tulikuwa tumeshamwekea oda ya cha pili, ikabidi kamati tuchange mifukoni tukamlipa maana yeye hakuwa na kosa lolote. Kile kikao cha pili chenyewe, bila posho, walikuja watu sita na watatu tulikuwa viongozi. Iliniuma kwakweli. Nilidhani watu hawaipendi taaluma yao.

Sasa kilichotubadilisha ni shafti iliyokatika.

Kuna fundi ana mashine ya kusaga hapa mjini kule Nkuhungu, anasaga mahindi, mtama na uwele, shafti yake, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ilikatika mara ya tatu ndani ya mwaka na kila mara anaambiwa chuma kibovu nunua kingine. Mwenzetu mmoja akaibeba ile shafti kwenye mfuko wa sandarusi akaja nayo kwenye kikao, akaiweka mezani juu ya gazeti, akasema jamani nani aniambie hii imekatikaje. Ajenda zote zikaishia pale. Ukiitazama sehemu iliyokatika unaona upande mmoja pamelainika na pana mistari ya upinde imepangana kama duara za kisiki cha mti, inaanzia kwenye kona kali ya ule mfereji inapokaa kii, kile kipande cha chuma kinachoshikilia puli ya mkanda kwenye shafti, halafu upande wa pili kipande kidogo tu kina mchongomchongo kama sukari guru iliyovunjwa. Mzee mmoja injinia mstaafu, ambaye hata sikutegemea angekuja, akavaa miwani akaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema hiki chuma hakina shida, huu ni uchovu wa metali, ufa umeanza hapa kwenye kona ukatembea pole pole wiki na wiki, kila mzunguko unasogea kidogo, na hiki kipande kidogo kilichobaki ndo kimekatika siku ya mwisho. Kwa hiyo hata ukileta chuma cha Ujerumani, kona ikiwa kali hivi na mkanda umekazwa kupita kiasi, kitakatika tu. Kijana mmoja aliyetoka chuo mwaka ule akamuuliza, shikamoo mzee, sasa kwanini mistari imepinda kule na sio huku? Mzee akasema marahaba mwanangu, njoo usimame hapa uone. Wale wawili walikaa pale dirishani zaidi ya nusu saa.

Fundi wa Nkuhungu akachongewa shafti mpya yenye kona ya mviringo, tukamwonesha na mkanda ukazwe vipi. Kikao kilichofuata akaja mwenyewe na mafundi wenzake wawili wa kuchomelea, na wanachama wakaja ishirini na kitu, hakuna aliyeuliza posho, tulikunywa chai na mihogo basi.

Ndo nikaja kuelewa kwamba chama cha namna hii tangu zamani kiliishi hivyo. Ukisoma historia ya ASM International, hiki chama kikubwa cha Marekani cha watu wa metali, kilianza 1913 Detroit kikiitwa Steel Treaters Club, William Park Woodside alikusanya watu wachache wa kazi ya kukomaza chuma kwa moto wakae pamoja waambiane ujuzi wao. Sasa angalia mafundi wetu hapa wanaotengeneza majembe na visu kwa springi za magari, mmoja anapoza kwenye maji kinapasuka, mwingine anapoza kwenye oili chuma kinatulia, na hawaambiani, kila mmoja anaficha. Mtu anayekuja kwenye kikao chako kwa hiari anakuja kuchukua kile ambacho hawezi kukipata peke yake. Ukimpa, anarudi. Usipompa, hata posho itamleta mara moja tu.

Kwa hiyo kabla hujafikiria bango tafuta kitu kilichovunjika. Kanda yetu hii haikosi, Singida kule Sekenke dhahabu ilianza kuchimbwa tangu enzi za Mjerumani, leo wachimbaji wadogo wana makarasha yanasaga mawe kwa gololi za chuma na gololi zinaisha au zinapasuka katikati kama limau, mpigie mtu akuletee mbili tatu. Hapa mjini kuna Tume ya Madini, kuna watu wa Jiolojia, kuna Chuo cha Madini na UDOM, wataalamu wapo jirani, mara nyingi hakuna aliyewaomba tu kwa adabu na mapema.

La pili, na hili ndo lilinigharimu zaidi, gawa kazi. Mimi miaka miwili ya kwanza nilifanya kila kitu, barua naandika mimi, wageni napigia mimi, muhtasari mimi, mpaka viti napanga mimi, nikawa naona wenzangu wavivu, kumbe nilikuwa nawafungia mlango. Nikaumwa malaria wiki mbili tawi likasimama kabisa, hata tarehe ya kikao hakuna aliyeijua kwasababu ilikuwa kichwani mwangu. Sasa ukimwambia mtu "tusaidie kwenye chama" atakwambia sawa na hutamwona, ila ukimwambia "dada naomba uwapigie hawa watu watano kabla ya Alhamisi jioni uniambie wangapi wanakuja", atapiga. Kazi iwe ndogo, iwe na siku yake ya kuisha, na ikiisha itajwe mbele ya watu kwa jina lake. Na wanachama wapigiwe simu jamani, grupu la WhatsApp linasaidia kutuma tangazo ila halimleti mtu, mtu analetwa na sauti ya mwenzake.

Vijana walio kwenye SEAP, ule mpango wa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, wa miaka mitatu kwa wahitimu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu, hao ndo dhahabu yako. Wanahitaji kukaa karibu na wahandisi wazoefu na wazoefu wanahitaji mtu wa kumrithisha, wewe kazi yako kuwakutanisha. Ila wapangie vizuri, usimfanye kijana wa kubeba maji na kupiga picha kila kikao, mpe dakika kumi aeleze kipande alichokisoma yeye, wazee wasikilize kwanza halafu ndo wasahihishe. Tulikuwa na mzee mmoja anamkatiza kila kijana, nilimfuata nyumbani kwake nikamsalimia tukaongea kwa heshima wawili tu, alielewa. Kwenye kikao mbele za watu asingeelewa.

Pesa fupi tu: hata ikiwa elfu tano ya chai, iandikwe na isomwe kila kikao mwanzoni, imeingia ngapi imetoka ngapi na risiti ipite mkono kwa mkono. Namba ya kupokelea michango isiwe ya simu yako binafsi. Mhazini na mwenyekiti wasiwe marafiki wa karibu sana. Nimeona tawi la fani nyingine likivunjika kwa laki moja na nusu tu iliyokosa maelezo, na nnavyojua mimi hakuna aliyeiba, haikuandikwa tu.

Halafu panga kuondoka mapema. Mimi mwaka wa tano nilianza kukaa pembeni, dada mmoja injinia aliyekuwa makamu akawa anaendesha vikao nikiwepo, akikosea namwambia baadaye, na wanachama wakimpigia mtu wanampigia yeye. Watu walivyompigia kura walikuwa wameshamzoea, wengine walidhani alishakuwa mwenyekiti zamani. Nilichomkabidhi ni daftari la mahudhurio, kitabu cha hesabu, na boksi moja la mbao zito kweli kweli lina vipande 31 vilivyovunjika, meno ya karasha, bolti, beringi, ile shafti ya Nkuhungu, kila kimoja kina karatasi imefungwa kwa uzi imeandikwa kimetoka wapi, nani alikileta na tulikubaliana nini.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu wanakutana saa nne asubuhi, wana gololi tatu kutoka Singida, mbili zimepasuka moja nzima, na yule kijana aliyeuliza mistari imepinda wapi ndo ataeleza. Panda treni ya SGR Ijumaa, tutakupokea stesheni. Njoo na kipande chako.