Jina la Kibrazili kwa mtoto: nilivyompata Iara wangu

Dada, umesema mumeo ni Mbrazili, mimba ina miezi saba, na kila orodha ya majina unayosoma inakupa maana tofauti. Mimi nimeolewa Fortaleza, Brazil, na mwanangu wa kwanza nilimzaa huko, basi nikueleze niliyoyaona.

Majina yao mengi ni ya watakatifu, yalikuja na Wareno. Sensa ya 2010 ilihesabu akina Maria zaidi ya milioni 11. Ukimuuliza mtu maana ya jina la namna hiyo, mara nyingi atakusimulia nadhiri. Baba mkwe wangu ni Raimundo Nonato. Nonato ni Kilatini, "asiyezaliwa", maana mtakatifu huyo inasimuliwa alitolewa tumboni mama yake akiwa ameshafariki, ndiyo maana wajawazito na wakunga humwomba. Mama wa baba mkwe alishikwa na uchungu siku mbili, akaweka nadhiri, mtoto akatoka mzima. Hiyo ndiyo maana ya jina lake pale nyumbani. Halafu R ya mwanzo wao huitamka kama H: "Haimundo". Ukichagua Renata, baba atamwita "Henata" na shangazi zake wa huku "Renata". Kubalianeni mapema.

Yaliyonigusa mimi ni ya Kitupi, lugha ya wenyeji wa pwani ile kabla ya Wareno. Jaci ni mwezi. Ubirajara ni bwana wa mkuki. Moacir ni jina ambalo mwandishi José de Alencar, mzaliwa wa jimbo la Ceará, alilitumia katika riwaya yake ya 1865 akalifasiri "mwana wa maumivu". Nilipolisikia nikamkumbuka mjomba wangu Tabu. Akina Moacir wanalibeba bila huzuni yoyote, kama akina Shida na Mashaka wa kwetu.

Tulichagua Iara, "bibi wa maji". Kwenye hadithi zao Iara ni nguva wa mtoni, huwaimbia wavuvi mpaka wakazama. Mama yangu, yuko Tanga, nilipomweleza alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni jini?" Nikamwambia huko ni jina la walimu na wauguzi, watu wazima wenye heshima zao. Akasoma dua, akalipokea.

Kusajili mtoto huko ni bure. Karani alinigeuzia skrini nihakiki, nikakuta kaandika Yara. Yote mawili yapo, ila letu lilikuwa la I, akarekebisha. Soma herufi moja moja kabla ya kusaini. Tangu sheria ya 2022, mzazi ana siku 15 baada ya usajili kupinga jina kwa sababu za msingi, lakini usifike huko. Majina ya ukoo, desturi yao ni la mama kutangulia na la baba kumalizia.

Neno moja zaidi utalipenda: xará, tamka "shará". Ndiye somo wako, mwenye jina kama lako. Nalo ni la Kitupi, limetoka kwenye "jina langu". Siku moja sokoni nilimwita mtoto, muuza samaki akainua kichwa, kumbe naye ni Iara. Akafuta mikono kwenye aproni, akamshika shavu, "Minha xará!" Kisha akaongeza samaki wawili kwenye mfuko wangu, hela yake akaikataa.

Mnatarajia wa kike au wa kiume?